Ndege ya safari fupi: Jinsi Islander ilivyobuniwa na kudumu miaka 60

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kazi Januari 1946, lilikuwa na ndege sita tu, tena za kuazima kutoka shirika la Uingereza la BOAC. Zote zilikuwa aina moja, de Havilland Dragon Rapide: injini mbili, mabawa ya tabaka mbili, mwili wa mbao uliofunikwa kitambaa, na nafasi ya abiria wasiozidi wanane. Kwa watu wa ukanda wetu wa wakati huo, usafiri wa anga ulikuwa ndiyo huo.

Rapide iliruka mara ya kwanza mwaka 1934 na zikatengenezwa zaidi ya 700. Ilikuwa nyepesi, ilikula mafuta kidogo na ilitua kwenye viwanja vya majani. Lakini mbao na kitambaa havidumu kwenye jua kali na unyevu, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndege hizo zilikuwa zimechoka. Viwanda vikubwa vya Ulaya na Marekani navyo vilikuwa vimehamishia akili zao kwenye jeti. Aliyetaka kusafirisha watu wanane au tisa kutoka kisiwa kimoja hadi kingine, au kutoka mjini hadi shambani, hakuwa na ndege mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Zilikuwapo ndege ndogo za injini mbili, na nyingine zilikuwa nzuri sana. Piper Aztec ya Marekani ni mfano. Kampuni ya Loganair ya Uskoti ilianza nayo mwaka 1962, na takriban miaka 30 baadaye Precision Air ya Tanzania nayo ikaanza huduma zake kwa Aztec ya viti vitano. Hata hivyo, Aztec ilibuniwa zaidi kwa mfanyabiashara anayemiliki ndege yake: ina kasi, magurudumu yake yanakunjwa yakaingia ndani, na viti vyake ni vichache. Waliotaka kuitumia kwa usafiri wa umma walilazimika kufanya biashara ya wengi kwa chombo cha wachache.

Pengo hilo lilizibwa na Waingereza wawili waliokuwa na karakana ndogo kisiwani. Ndege waliyoibuni, Britten-Norman BN-2 Islander, iliruka mara ya kwanza mwaka 1965. Zimeshatengenezwa zaidi ya 1,200, na miaka 60 baadaye bado zinabeba abiria. Namna walivyoifikia ni funzo kwa yeyote anayefikiria usafiri wa watu wachache kwenda mahali padogo.

Dawa za mashamba na ndizi za Kameruni

John Britten na Desmond Norman walikutana katika chuo cha ufundi cha de Havilland, kampuni ileile iliyotengeneza Rapide. Mwaka 1951 walirusha ndege yao ya kwanza, BN-1F, yenye kiti kimoja tu. Haikufika sokoni. Mwaka 1954 walianzisha kampuni ya Britten-Norman huko Bembridge, upande wa mashariki wa Isle of Wight, kusini mwa Uingereza.

Kilichowalisha miaka ile kilikuwa kazi ya kunyunyizia mashamba dawa kwa ndege. Walibuni kifaa kilichoitwa Micronair, kinachozungushwa na upepo wa ndege yenyewe na kuivunja dawa kuwa matone madogo yanayolingana. Biashara hiyo iliwafikisha nchi nyingi. Katika kazi ya aina hiyo ndege hutua kwenye udongo, hutengenezwa chini ya mti, na fundi wake mara nyingi hana zaidi ya boksi moja la spana. Mhandisi aliyepita huko anajua kwamba kifaa kisichorekebishika porini kitamwacha rubani porini.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1960 walitengeneza hovakrafti iliyoitwa CC1, kwa lengo la kuisaidia kampuni ya Elders and Fyffes kusafirisha ndizi kutoka mashamba ya Kameruni ya Kusini, wakati huo ikiwa chini ya Uingereza. Hukohuko Kameruni walikuwa na hisa katika kampuni ndogo ya usafiri wa anga, Cameroon Air Transport. Kampuni hiyo ilihitaji ndege ya kubeba watu na mizigo kwa umbali mfupi, kwenye viwanja duni, kwa gharama ambayo nauli za kawaida zingeweza kuilipa. Wakatafuta ya kununua, wasiione. Mwaka 1963 wakaanza kuichora wenyewe.

Hapa ndipo ninapoona ubora wao. Swali lao la kwanza halikuhusu ndege hata kidogo. Walianza kwa kuuliza abiria ni nani, anakwenda umbali gani, anatua wapi, na nani ataitengeneza ndege ikiharibika. Majibu ya maswali hayo yalitoka Afrika Magharibi na kwenye visiwa, na ndiyo yaliyoamua urefu wa bawa, umbo la gurudumu na mahali pa mlango.

Hesabu ya dakika nne

Wabunifu wengi wa ndege huota kasi. Britten na Norman walipiga hesabu. Tuchukue safari tunayoijua sisi: kati ya kiwanja cha Dar es Salaam na kile cha Unguja kuna takriban kilomita 72. Ndege inayokwenda kilomita 240 kwa saa itazimaliza kwa dakika 18. Inayokwenda kilomita 320 kwa saa itatumia dakika 13 na nusu. Tofauti ni dakika nne na nusu, na sehemu yake hupotea ndege inapopanda na inapojipanga kutua. Ili kuzipata dakika hizo unahitaji injini kubwa zaidi, mafuta mengi zaidi na mitambo ya kukunja magurudumu. Abiria anayalipia yote hayo, naye amesubiri kiwanjani muda mrefu kuliko dakika alizookolewa.

Kwa hiyo waliiacha kasi iende. Magurudumu ya Islander hayakunjwi. Yale makuu yananing'inia chini ya mabawa kwa miguu mirefu, mawili mawili kila upande, safari nzima. Yanaongeza ukinzani wa hewa, lakini hayana pampu ya kuvuja wala mota ya kuungua, na hakuna rubani atakayesahau kuyashusha. Bawa liko juu ya mwili wa ndege, hivyo pangaboi zinazunguka mbali na mawe na majani ya kiwanja. Upana wa bawa ni uleule kuanzia shinani hadi karibu na ncha, umbo linalorahisisha utengenezaji na ukarabati kwa sababu vipande vingi vya ndani vinafanana.

Uamuzi wao wa kijasiri zaidi ulihusu mahali pa kukaa. Ndege za abiria huwa na ujia katikati, nao unahitaji mwili mpana. Britten na Norman waliuondoa. Ndani ya Islander mna upana wa mita moja na kidogo tu, watu wanakaa wawili wawili, na wanaingia kupitia milango mitatu ya ubavuni kama watu wanaopanda gari dogo. Mwili mwembamba ni mwepesi, na wepesi huo uligeuzwa kuwa abiria: tisa pamoja na rubani, mmoja wao akikaa kando ya rubani kule mbele.

Vilivyopotea havifichiki. Humo ndani huwezi kusimama wala kunyoosha miguu, hakuna choo, na kelele za injini ni kubwa. Kwa safari ya saa tatu ingekuwa adhabu. Kwa safari ya dakika 18 abiria anavumilia, na nauli inamfaa.

Kwa nini injini mbili

Msomaji anaweza kuuliza: kama usahili ndio uliokuwa lengo, kwa nini wasiweke injini moja? Jibu liko baharini. Injini ya pistoni ina sehemu nyingi zinazosuguana, na ikizimika kati ya kisiwa na kisiwa, rubani wa injini moja ana njia moja tu, ya kushuka majini. Mamlaka za usafiri wa anga kwa muda mrefu zilisita kuruhusu abiria wa kulipa nauli wabebwe kwa injini moja juu ya bahari au usiku.

Lakini kuongeza injini ya pili peke yake hakuleti usalama, na jambo hili halieleweki vyema hata kwa watu wanaosafiri kila wiki. Ndege inapokwenda sawa bila kupanda, sehemu kubwa ya nguvu zake inatumika kuishikilia hewani na kushindana na upepo. Kinachoipandisha ni ziada inayobaki. Injini moja kati ya mbili ikizimika, nusu ya nguvu inaondoka, na nusu hiyo humeza karibu ziada yote. Ndege iliyokuwa ikipanda vizuri inabaki na uwezo mdogo mno wa kupanda, au haina kabisa. Wakati huohuo injini iliyobaki inavuta upande mmoja, pua inageuka, na rubani anapaswa kukanyaga pedali kwa nguvu ili kuinyoosha, huku akizigeuza bapa za pangaboi lililokufa zielekee upepo zisiwe breki.

Kwa hiyo mbunifu wa ndege ndogo ya injini mbili anapimwa kwa injini moja. Anapaswa kuhakikisha kwamba injini iliyobaki inatosha, bawa lina nguvu ya kunyanyua hata kwa mwendo mdogo, na mkia ni mkubwa kiasi cha kuidhibiti ndege inayovutwa kombo. Kipimo hicho nusura kiiangushe Islander tangu mwanzo wake.

Juni 13, 1965

Islander ya kwanza, iliyosajiliwa G-ATCT, iliruka Bembridge Juni 13, 1965. Siku nne baadaye ilikuwa kwenye maonyesho ya ndege ya Paris, jambo linaloonyesha imani waliyokuwa nayo watu wale kwa chombo chao.

Imani hiyo haikuwazuia kuona kasoro. Ndege ilikuwa na injini mbili za Rolls-Royce Continental, kila moja yenye nguvu za farasi 210, na majaribio yalithibitisha kwamba hazikutosha. Kampuni ndogo isiyo na fedha ingeweza kupunguza idadi ya abiria na kuanza kuuza. Wao waliirudisha karakanani. Waliweka injini za Lycoming za nguvu za farasi 260 kila moja na kurefusha mabawa kwa zaidi ya mita moja, hadi karibu mita 15 kutoka ncha hadi ncha. Desemba 1965, miezi sita tu baada ya safari ile ya kwanza, ndege iliyoboreshwa ilikuwa angani.

Mabadiliko hayo mawili ndiyo yaliyoifanya Islander iwe Islander. Mabawa marefu na injini zenye ziada viliiwezesha kuacha ardhi kwa mita mia chache tu, na kukaribia kiwanja kwa mwendo mdogo kiasi kwamba, flapi zikiwa zimeshushwa, inaendelea kunyanyuliwa na hewa hadi kasi inapopungua kufikia takriban kilomita 75 kwa saa. Wengi wetu tumepanda mabasi yanayokwenda kasi kuliko hiyo.

Cheti cha usalama wa kuruka kilitolewa Agosti 10, 1967, na ndege za kwanza zikakabidhiwa wateja mwezi huohuo, Loganair ikiwa miongoni mwao.

Safari ya dakika mbili

Loganair iliipeleka Islander kwenye visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, penye upepo mkali na bahari isiyotabirika. Hapo kuna safari inayotambuliwa kuwa fupi kuliko safari zote za ratiba duniani: kutoka Westray hadi Papa Westray, kilomita 2.7, ambayo ratiba yake ni dakika mbili, na upepo ukikubali huisha chini ya dakika moja. Watu huisimulia kama kioja. Kwa wakazi wa Papa Westray, ambao hawafiki hata mia moja na nusu, ndiyo njia ya kumfikia daktari, shule na soko bila kungojea bahari itulie. Kwa miaka mingi Islander ilikuwa pia ndege ya wagonjwa katika visiwa vya Uskoti, kwa sababu ilitua mahali ambapo nyingine zilishindwa.

Ilijithibitisha mbali na nyumbani pia. Islander ilitangazwa mshindi wa mbio za ndege za mwaka 1969 kutoka London hadi Sydney. Ushindi huo ulikokotolewa kwa kulinganisha mwendo wa kila ndege na uwezo wake, na ndege ya kwenda polepole ikashinda kwa kutimiza ahadi yake hatua baada ya hatua. Katika Bahari ya Hindi, Shelisheli iliitumia kuunganisha Mahé na Praslin. Iliruka Karibi, Pasifiki, Afrika na Amerika ya Kusini, na pia ikavaa sare za polisi na majeshi kwa jina la Defender.

Ndege ilistawi, kampuni ikafilisika

Wateja waliongezeka kuliko uwezo wa karakana ya Bembridge. Mwaka 1968 kampuni ilitia saini mkataba na Romania, na mwaka uliofuata Islander ya kwanza iliyotengenezwa Bucharest ikaruka. Kiwanda hicho kikaja kutengeneza mamia. Ufilipino nayo ilianza kuziunganisha katikati ya miaka ya 1970.

Lakini ndege inadai fedha kabla haijaleta fedha: alumini, injini na mishahara hulipwa miezi mingi kabla ya mteja kulipa. Kampuni ndogo yenye oda nyingi inaweza kuzama kwa sababu ya oda hizohizo. Wakati huohuo Britten na Norman walikuwa wameanza kutengeneza Trislander, ndugu mkubwa mwenye injini ya tatu mkiani, iliyoruka Septemba 1970. Mwaka 1971 Britten-Norman iliwekwa chini ya mfilisi. Mwaka 1972 ilinunuliwa na kundi la Fairey, lililohamishia sehemu kubwa ya uzalishaji Ubelgiji. Fairey nayo ikaanguka mwaka 1977, na mwaka 1979 kampuni ikaingia mikononi mwa Pilatus ya Uswisi.

Britten alifariki mwaka 1977 akiwa bado hajatimiza miaka 50. Norman alianzisha kampuni nyingine na kurudia mapenzi yake ya zamani, akabuni ndege ya kunyunyizia dawa iitwayo Fieldmaster. Alifariki mwaka 2002. Katika misukosuko yote hiyo ya wenye mali, mchoro wao haukuguswa sana. Mwaka 1980 iliruka Islander yenye injini za turbini, zinazotumia mafuta yaleyale ya jeti, na ukiitazama kwa mbali utaona ni ndege ileile.

Badiliko hilo la injini lina uzito mkubwa kwa Afrika. Injini za pistoni zinatumia petroli maalumu ya ndege, ambayo katika sehemu nyingi za bara letu ni adimu na ya bei kubwa, ilhali mafuta ya jeti yanapatikana katika kila kiwanja kikubwa. Hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya Cessna Caravan, ndege ya injini moja ya turbini iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982, itawale viwanja vya mbugani na visiwani hapa Tanzania na Kenya. Turbini imekuwa ya kuaminika kiasi kwamba mamlaka nyingi zimelegeza masharti ya zamani kuhusu injini moja. Caravan imebuniwa kwa mantiki ileile ya Bembridge: bawa la juu, magurudumu yasiyokunjwa, kazi kwanza na madaha baadaye.

Somo letu

Islander inarudi tena kwenye mazungumzo ya wahandisi. Kampuni ya Cranfield Aerospace ya Uingereza iliichagua kwa mradi uitwao Fresson, wenye nia ya kuiondoa kwenye mafuta ya petroli. Ulianza na wazo la umeme, kisha ukageukia haidrojeni. Kuchaguliwa kwake kuna maana. Betri na matangi ya haidrojeni bado ni mazito kwa nishati inayobebeka, hivyo teknolojia hizi zina nafasi ya kwanza kwenye safari fupi, na ndege ya safari fupi ilishabuniwa zamani.

Sisi tunaoishi kwenye pwani, visiwa na maziwa makuu tuna kila sababu ya kuifuatilia habari hii. Swali lililoizaa Islander liliulizwa na mashamba ya Kameruni na viwanja vyake vya udongo. Uzoefu ulikuwa wa Kiafrika. Karakana, michoro na faida vikawa kwingine. Leo vyuo vyetu vina vijana wanaosomea uhandisi wa ndege, na marubani wetu wanatua Mafia, Pemba, Lamu na mbugani wakijua upepo na matope ya kila kiwanja. Marubani na mafundi hao waketi meza moja na wanafunzi hao, waandike kwa kina safari zetu zinavyokuwa: umbali, uzito wa mizigo, hali ya kiwanja wakati wa masika, spea inayochelewa kuliko zote, nauli ambayo mama mwenye mtoto mgonjwa anaweza kuimudu.

Waraka wa namna hiyo hauhitaji kiwanda wala mabilioni, na ndio hasa Britten na Norman walioanza nao. Wakati wa kununua, kukodi au siku moja kutengeneza ndege utakapofika, tutakuwa tunajua tunachokitaka. Asiyeijua safari yake huuziwa ndege ya safari ya mtu mwingine, na nauli ya kosa hilo hulipwa na abiria.